Kushuka Bandarini: Kwa Basi la Meli au kwa Gari la Kukodi?

Safari ya baharini si jambo geni kwetu sisi watu wa mwambao. Babu zetu walipanda majahazi wakafuata pepo za msimu hadi Maskati, Hadhramaut na Bara Hindi, na kabla ya zama za ndege mahujaji wetu walikwenda Jeddah kwa meli. Lakini zile zilikuwa safari za haja: mtu alipanda chombo ili afike mahali. Meli ninazokusudia kuzieleza hapa ni za namna nyingine kabisa. Abiria wake hawana mahali wanapokwenda, au tuseme wanakwenda kila mahali. Chombo chenyewe ndicho nyumba yao. Hulala usiku meli ikiwa katika mwendo, wakaamka asubuhi imekwisha kufunga gati katika mji wasioujua, nao wakapewa saa nane au tisa za kuutazama kabla ya kamba kufunguliwa.

Miaka hii jamaa zetu, hasa wale wanaokaa Uingereza na nchi za Ghuba, wameanza kupanda meli hizo pamoja na wazee na watoto wao. Nami nimeulizwa mara nyingi tangu niliporudi: Je, tukifika bandarini, tushuke na matembezi yanayouzwa na meli, au tujitafutie gari na mwongozaji wetu wenyewe? Mtu aweza kulidhani swali hili kuwa dogo. Lakini hapo ndipo fedha nyingi za safari zinapokwenda, na pengine si fedha peke yake.

Yafaa kwanza msomaji aelewe jinsi biashara yenyewe inavyokwenda. Kampuni ya meli aghalabu haina basi hata moja katika miji ile, wala yule mwongozaji mwenye kibendera mkononi si mtumishi wake. Kampuni hununua kazi hiyo kwa wenyeji wa mji, ikaongeza faida yake, ikawauzia abiria. Katika karatasi ya tikiti, kwa maandishi madogo ambayo watu wachache huyasoma, imeandikwa kuwa hao wenye mabasi ni watu wa kujitegemea na kwamba meli haichukui dhamana ya makosa yao. Basi anayelipa bei ya juu analipia nini? Kwa hakika analipia jambo moja kubwa: basi la meli likichelewa njiani, meli humngoja, na ikiwa haiwezi kungoja, kampuni humfikisha abiria katika bandari ya mbele kwa gharama zake. Aliyekwenda kwa gari lake mwenyewe hangojwi na mtu. Hapo ndipo penye kiini cha swali, na mengine yote ni matawi.

Bei nazo zina tabia yake. Meli hutoza kwa kichwa, gari la kukodi hutozwa zima. Tuchukue mfano wa hesabu tu: meli ikitaka euro 120 kwa kila mtu, watu sita watatoa 720, na gari la kuwatosha hao sita likipatikana kwa 450, kila mmoja ametoa 75. Lakini mtu na mkewe tu, wakiwa peke yao, meli itawadai 240, na gari ni lile lile la 450. Kwa hiyo jamaa wengi hupata nafuu kwa kukodi, na wawili hupata nafuu kwa basi.

Sisi tulikuwa sita. Nilikuwa mimi na mke wangu, mama mkwe wangu ambaye amepita miaka sabini, shemeji yangu anayekaa Leicester, na vijana wake wawili. Tulipanda Barcelona, na safari ilikuwa ya kuishia Istanbul, mji ambao wazee wetu wakiuita Stambuli. Mama mkwe hakuitaka safari kwa ajili ya bahari. Bahari ameiona maisha yake yote mbele ya mlango wake. Alisema tangu mwanzo kuwa anataka kuona misikiti ya kale ya Waislamu katika nchi za Ulaya, na akipata rakaa mbili katika mmoja wao, imetosha.

Bandari ya kwanza ilikuwa Málaga, katika nchi ya Uhispania. Málaga yenyewe ina mengi ya kuonwa, lakini moyo wa Mwislamu afikapo pale huelekea Granada, Gharnata ya vitabu vyetu, ambako limo jumba la Al-Hamra. Kati ya miji hiyo miwili pana kiasi cha kilometa 130, yapata saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi, njia ikiwa nyeupe. Na Al-Hamra haiingiwi kama sokoni. Idadi ya wageni kwa siku ina mpaka, tikiti huandikwa jina la mwenyewe na hati yake ya kusafiria, na kuingia katika majumba ya wafalme wa Banu Nasr hupangiwa saa maalumu; ukichelewa saa yako, mlango umekufungia. Tikiti hizo huweza kumalizika majuma kadha kabla ya siku yenyewe, lakini wenye mabasi ya meli huwa wamejiwekea za kwao mapema. Shemeji alijaribu kutununulia akiwa Leicester, akakuta za siku ile zimekwisha. Basi tukachukua basi la meli.

Nitasema nini juu ya Al-Hamra? Ibn al-Ahmar aliianza mwaka 1238, na wajukuu wake wakaongeza juu ya kazi yake. Ule uwanja wa simba kumi na wawili wa mawe, wenye nguzo nyembamba kama mashina ya mipopoo, ni kazi ya zama za Muhammad wa Tano katika karne ya kumi na nne. Kuta zote zimeandikwa. Vijana wetu, ambao walidhani Kiarabu chao cha madrasa hakina faida Ulaya, walisimama wakisoma herufi kwa herufi yale maneno yaliyorudiwa mamia ya mara kutani, ya kwamba hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Wageni wengine katika kundi letu wakawauliza vijana maana yake, na kwa dakika chache wao ndio waliokuwa waongozaji. Maji hupita chini ya miguu katika vijito vya marumaru vyembamba kama kiganja, na sauti yake hukufuata toka chumba hata chumba. Walioyajenga hayo waliutoa mji tarehe 2 Januari 1492, na mfalme wao wa mwisho, Abu Abdillahi, akaondoka na funguo zikabaki.

Mwongozaji alikuwa mtu mwenye ilimu na adabu, lakini alikuwa na watu karibu arobaini nyuma yake na saa mkononi. Tulipofika kwenye ngome ya mbele, mama mkwe akatazama ng'ambo ya bonde, kwenye kile kilima cha nyumba nyeupe wanachokiita Albaicín, akaona mnara.

"Mwanangu," akaniambia, "ule si wa msikiti?"

Nikamwuliza mwongozaji, naye akasema ndiyo. Ni msikiti mpya uliofunguliwa mwaka 2003, wa kwanza kujengwa katika mji ule baada ya karne tano, na bustani yake inatazamana na Al-Hamra yenyewe. Vichochoro vya Albaicín ni vyembamba, basi kubwa halipiti, ila teksi hupita. Mtu mwenye gari lake angeweza kufika kwa robo saa, akasali adhuhuri na alasiri, akapumzika. Sisi tulitakiwa kwenye basi baada ya dakika ishirini. Mama mkwe hakusema neno. Tulisali kwenye nyasi kando ya maegesho, akatandika kanga yake, na watu wa basi letu, nawashukuru, walitungoja bila ya manung'uniko.

Hata hivyo, ningeshauriwa leo kwenda tena Granada kutokea melini, ningepanda basi lile lile. Saa tatu za barabara pamoja na mlango unaofungwa kwa dakika si mambo ya kuchezea na mzee na watoto. Anayetaka kusali katika msikiti wa Albaicín na ashuke Málaga kwa safari nyingine, akalale Granada siku mbili.

Roma sitaisema sana. Meli hazifiki Roma. Hufunga Civitavecchia, mbali ya kiasi cha kilometa 70 hadi 80. Huko nilijifunza kuwa pana njia ya tatu ambayo wengi hawaijui: meli huuza nafasi ya basi peke yake, bila ya mwongozaji, likakushusha mjini na kukungoja saa fulani. Bei yake ni ndogo, na ile dhamana ya kungojwa unabaki nayo. Wapo pia wanaopanda gari moshi, yapata mwendo wa saa moja, kwa nauli ndogo zaidi. Na kwa vijana wenye miguu mepesi hiyo ni njia njema, maadamu hawakutii tamaa ya kupanda gari la mwisho. Sisi tulichukua lile basi, kisha teksi mpaka Msikiti Mkuu wa Roma, uliofunguliwa mwaka 1995, kazi ya mhandisi Mwitalia Paolo Portoghesi. Nguzo zake hupanuka juu kama matawi ya mitende. Mama mkwe akapata rakaa zake mbili, akazidisha.

Santorini, kisiwa cha Wagiriki, kina fundisho la namna yake. Meli kubwa hazifungi gati pale. Husimama majini chini ya jabali refu, na abiria huteremshwa kwa mashua. Walionunua matembezi ya meli hutangulizwa, tena hupelekwa kwenye gati jingine ambako mabasi yanawangoja. Wengine wote hungoja zamu, kisha hushushwa chini ya mji wa Fira. Kutoka pale kupanda juu pana njia tatu: gari la kamba lipitalo hewani, au punda, au ngazi zaidi ya 580. Kupanda asubuhi si kazi. Kazi ni kushuka alasiri, wakati meli tatu au nne zimeshusha watu na wote wanataka kuteremka kwa pamoja katika gari lile moja la kamba. Tuliona safu ya watu imezunguka mtaa mzima. Tulikuwa tumeshuka mapema kwa ajili ya mama mkwe, tukakaa chini gatini tukinywa chai, tukawatazama watu wakishuka ngazi mbio huku wakiteleza katika samadi ya punda, viatu mkononi, wakiichungulia meli.

Na hapa nataka kusema jambo ambalo vitabu vya wasafiri wa Ulaya hawalisemi, kwa sababu haliwahusu. Mwingereza au Mmarekani akiachwa na meli, amepata hasara ya tikiti ya ndege na usiku mmoja wa hoteli. Lakini mwenye pasi ya Kenya au Tanzania ana jingine la kuogopa. Viza yake ya Ulaya huenda ni ya kuingia mara moja. Siku zake zimehesabiwa. Na nchi ya bandari inayofuata huenda yataka viza ambayo hakuiomba, kwa sababu alitegemea kupita na meli. Mtu huyo akiachwa gatini si mtalii tena, ni mtu wa kujieleza mbele ya maofisa. Kwa hiyo wenzetu wanaosafiri kwa pasi za nyumbani wasiipime bei ya basi la meli kwa kipimo cha jirani yao wa mezani. Na wakishuka kwa gari lao wenyewe, wachukue pasi zao, au nakala ikiwa meli imezishika, pamoja na ile karatasi ya kila siku iliyo na jina na simu ya wakala wa meli katika bandari ile. Waitazame pia saa: baadhi ya meli haziifuati saa ya nchi, na simu ya mkononi hujigeuza yenyewe bila ya kumwambia mwenyewe.

Kwamba meli huondoka kweli, halina shaka. Mwezi wa Machi 2024 abiria wanane waliachwa katika kisiwa cha São Tomé, katika bara letu hili. Walikuwa wameshuka kwa matembezi yasiyo ya meli, wakachelewa zaidi ya saa nzima. Meli ilikuwa bado inaonekana imetia nanga. Askari wa pwani wakawapakia katika mashua wakawapeleka hadi ubavuni mwake, wasikubaliwe kupanda. Ikawabidi kupita nchi baada ya nchi kwa ndege hadi Gambia. Na walipofika, meli ikashindwa kuingia Banjul kwa ajili ya maji kupwa. Wakaendelea hadi Senegal ndipo wakaikuta Dakar. Miongoni mwao walikuwamo wazee, na mama mja mzito.

Lakini asije mtu akadhani kuwa kibendera cha meli ni hirizi. Tarehe 9 Desemba 2019 mlima wa moto wa Whakaari, katika New Zealand, ulilipuka wakati watu 47 wapo kisiwani, na 22 wakafa. Wengi wa watu hao walitoka katika meli moja, na matembezi yao waliyanunua humo melini. Na mwezi wa Oktoba 2025, katika kisiwa cha Lizard huko Australia, mama wa miaka 80 alitoka na kundi la meli yake ndogo kupanda kilima. Meli ikaondoka bila yeye, na siku ya pili alikutwa amekwisha fariki. Lile lilikuwa kundi la meli yenyewe. Meli huhesabu saa vizuri. Kuuliza kama njia inamfaa mzee wako, na kuhakikisha kuwa hayuko nyuma peke yake, ni juu yako wewe uliyemleta.

Istanbul ndiko tulikopumua. Tangu mwaka 2021 meli hufunga katika gati jipya la Galataport, katikati ya mji, na dakika chache kwa miguu kutoka mlangoni upo msikiti wa Kılıç Ali Paşa, uliojengwa na Sinan, yule mjenzi mkuu, katika miaka yake ya uzee. Katika mji kama huu kununua matembezi ya meli ni kununua maji ukiwa kisimani. Tramu hupita karibu, ikavuka daraja la Galata kando ya wavuvi, ikakufikisha Sultanahmet. Mabasi ya meli nayo hufika huko huko, isipokuwa njiani huingia katika duka la mazulia, ambako wageni hukalishwa, wakapewa chai ya tufaha, na saa nzima ikapotea. Kwani mwenye kuleta wageni ana sehemu yake katika kila zulia liuzwalo. Sisi hatukukalishwa na mtu.

Tena lipo jambo ambalo Mwislamu anapaswa kulijua kabla ya kutoa fedha yake. Wakati wa sala msikiti wa Sultan Ahmed hufungwa kwa watalii, na makundi yenye vibendera hungoja nje juani. Lakini msikiti haufungwi kwa wenye kusali. Ayasofya, iliyorudishwa kuwa msikiti mwaka 2020, tangu Januari 2024 wageni watalii hulipa na kupandishwa ghorofani, na sakafu ya chini imeachiwa wenye kuswali. Mama mkwe aliingia kwa mlango wa wasalio, akaswali, akakaa akiegemea nguzo nusu saa nzima. Tukaenda pole pole hadi Suleymaniye, ambao Sinan aliumaliza mwaka 1557, tukala maharage na wali katika mgahawa ulio mbele yake, bila ya kuuliza nyama hii ni ya nini. Katika mabasi chakula cha mchana huwa kimekwisha agizwa, na kila mara tulilazimika kuuliza.

Tangu nirudi Mombasa nimekuwa nikiyatazama mambo haya kutoka upande wa pili wa lango. Meli hizo huja kwetu pia. Hufunga Kilindini, na Unguja hufika Malindi, na abiria wake wana swali lile lile juu yetu: nimwamini kijana huyu aliyesimama na kibao, au nipande gari la kampuni? Pale Unguja mapapasi wamemjibu mgeni kabla hajauliza, kwa kumzonga, kumvuta mkono na kumpa bei tatu kwa safari moja. Kisha watu hushangaa mbona wageni wamejaa katika mabasi na fedha zao zimekwisha lipwa Ulaya. Na wapo pia watembezaji wenye leseni, wenye lugha mbili au tatu, wanaoijua historia ya mji kuliko kitabu, nao hukaa kivulini bila ya kazi kwa sababu ya jina baya la wengine.

Nilimwuliza mzee mmoja wa Mombasa, dereva wa teksi wa miaka mingi, ambaye wageni humwandikia barua za simu kabla hawajafika, amewezaje. Akacheka.

"Mimi sianzi kwa bei," akasema, "naanza kwa saa. Namwuliza mgeni, meli yako yaondoka saa ngapi? Akishanambia, nazitoa saa mbili nazifungia kando. Zilobaki ndizo zetu. Tsavo simpeleki mtu wa siku moja, yule na ende na kampuni yake. Ni mbali, na ile barabara ya Nairobi ina malori. Nampeleka Fort Jesus, nampitisha Mji wa Kale kwa miguu, akale biriani. Zikizidi saa twavuka Nyali, na lile daraja nalijua likishika. Na pesa, bwana, siziguzi mpaka nimrejeshe langoni, aione meli yake iko."